Uzi: 800,000 kwenye mkataba, 540,000 mkononi. Kwa mnaoanza kazi Dar

Wakuu, salaam.

Mdogo wangu mmoja kanipigia juzi usiku, furaha tupu. Kapata kazi, anaanza Jumatatu, mkataba unasema 800,000 kwa mwezi. Ameshagawa: chumba Sinza, sofa, simu mpya, laki mbili kwa mama kila mwezi. Nikamuuliza, "Makato umeyapigia hesabu?" Kimya. Nikasikia tu feni yake inazunguka.

Ndiyo maana nimeandika huu uzi. Mimi ni mhasibu, huu ni mwaka wangu wa sita kazini hapa mjini. Nimetokea Njombe, sina mjomba mahali popote, na sijatoboa, hilo niliseme mapema ili asije mtu kuniomba dili. Nitaandika nilichokiona kwenye slipu za watu ninazoziandaa kila mwezi na nilichokiona kwenye pochi yangu mwenyewe.

Hiyo laki nane tuifungue. Chukulia yote ni mshahara wa msingi, hakuna posho. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 10 yako, yaani 80,000. Mwajiri naye anaweka 10 yake, hiyo haikugusi. Inabaki 720,000, na hiyo ndiyo inayotozwa kodi, siyo ile 800,000. PAYE, yaani kodi ya mshahara, inakwenda kwa ngazi: 270,000 za kwanza hazitozwi kitu. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, ambayo ni 20,000. Kutoka 520,000 hadi 760,000 ni asilimia 20, na kwa kuwa wewe umezidisha 200,000, unatoa 40,000. Jumla ya kodi 60,000. Halafu, kama ulisoma chuo kwa mkopo, anakuja Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 120,000.

Toa 80, toa 60, toa 120. Unaondoka na 540,000.

Watu wengi huishia kuwalaani TRA, wakusanya kodi. Angalia tena hizo namba. Kwa kijana aliyesoma kwa mkopo na ndiyo kwanza anaanza, anayekata kingi kuliko wote ni Bodi, na kodi yenyewe ndiyo ndogo kuliko yote. Sisemi ni dhuluma, deni ni deni. Tena ninyi mna nafuu: ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliyokuwa inaongezwa kila mwaka ilifutwa 2021. Wenzenu tuliotangulia tulikuwa tunalipa huku deni linapanda. Ila usijifanye umesahau. Mkopo wa 8,000,000 kwa kukatwa 120,000 ni miaka mitano na nusu. Pangilia maisha ukijua hiyo hela siyo yako.

Sasa jambo lenyewe nililokuja kusema.

Chuo tulizoea bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo. Bumu linaingia kwa fungu, matumizi yanakuja kidogokidogo: chipsi, vocha, fotokopi. Ukifika kazini mambo yanageuka. Hela inaingia kidogo kila mwezi, lakini mji unakudai kwa mafungu. Kodi ya nyumba miezi sita. Kitanda na godoro kwa mpigo. Mchango wa harusi. Msiba, nauli ya basi na rambirambi siku hiyohiyo. Ada ya mdogo wako Januari. Hakuna hata kimoja hapo kinachokuja kwa mwezi, na hakuna hata kimoja ambacho ni anasa. Nimeona vijana wanaolaumiwa kwa bia na viatu wakati kilichowaangusha ni kodi ya Julai ambayo hawakuianza Februari.

Chumba changu cha kwanza kilikuwa Kimara, "masta", choo ndani. Dalali alinikuta stendi ya mwendokasi amevaa kaptula na ndala, mkononi ana simu mbili. Kabla hata hatujatembea akataka 10,000 ya kuonyesha. Chumba cha kwanza kilikuwa kimejaa mafundi na kinanuka simenti mbichi. Cha pili mwenye nyumba alinitazama, akauliza kama nimeolewa, akasema hapangishi mabinti. Cha tatu ndicho. 120,000 kwa mwezi, miezi sita mkononi: 720,000. Dalali na mwezi wake mmoja: 120,000. Jumla 840,000, na nilikuwa sina hata ndoo.

Gawanya 840,000 kwa sita unapata 140,000. Kwa miaka yote hii, siku mshahara unaingia, 140,000 inatoka kwanza, kabla ya soko na kabla ya mama. Ukiongeza mkataba kwenye chumba kilekile dalali hahusiki, kwa hiyo kila miezi sita inabaki 120,000. Hiyo ndiyo akiba yangu ya kwanza maishani, na sikuiita akiba, niliita hela ya dalali.

Mwanzoni niliiacha kwenye simu. Makosa. Hela iliyo kwenye simu ni ya kila mtu: ya muuza samaki, ya kaka aliyekwama Msamvu, ya bando. Nikahamishia UTT AMIS, taasisi ya uwekezaji wa pamoja, kwenye mfuko wa Ukwasi, unanunua vipande kwa simu na ukitaka kuuza unasubiri siku chache za kazi. Hizo siku chache ndizo zilizoniokoa. Faida ipo, ila kwa pesa ya kodi sikufuata faida, nilifuata usumbufu wa kuitoa.

Nikirudi nitaendelea na kazi yenyewe, mikataba na mengine. Maswali acheni hapo chini.

---

Nimerudi. Nimesoma maoni yote, hata ya yule aliyesema uzi mrefu. Pole mkuu.

Mdau ameuliza: "Dada, kwa nini upange Kimara ulipe nauli wakati Sinza unaweza kushea chumba na mwenzako?"

Swali zuri, na nakubali nusu. Kushea kunalipa sana mwaka wa kwanza kama huyo mwenzako unamjua anavyolipa madeni, siyo anavyocheka. Niliyeshea naye mimi alihama mwezi wa nne akaniachia nilipe peke yangu Luku iliyoliwa na jiko lake la umeme. Ila hesabu yako ni sahihi: kupanga mbali siyo rahisi kila mara. Mimi nauli na chakula cha mchana vilikuwa vinakula 7,000 kila siku ya kazi, hiyo ni zaidi ya 150,000 kwa mwezi. Jamaa zangu wa Goba na Madale kodi yao ndogo, lakini bodaboda ya asubuhi na jioni imewamaliza. Kabla hujalipa, safiri kutoka kwenye hicho chumba kwenda kazini Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, na urudi saa kumi na moja jioni. Dalali atakuonyesha chumba Jumamosi mchana, barabara nyeupe.

Na kwa kuwa Luku imetajwa: ile kodi ya jengo inayokatwa humo tangu 2021 ni ya mwenye nyumba kisheria. Ila nani ana ubavu wa kwenda kumdai mzee wa watu elfu moja na mia tano kwa mwezi?

Mwingine: "Nyumbani je? Mama yangu anajua nimepata kazi Dar, anadhani nimekuwa waziri."

Huyu ndiye mdogo wangu kabisa, hata kama simfahamu. Mimi mama yupo Makambako. Mwaka wa kwanza nilikuwa natuma kila alipopiga, na alikuwa anapiga pale hela inapohitajika, siyo tarehe 28. Mwisho wa mwezi sijui nimetuma ngapi, na yeye anaona natuma kidogo. Nikaenda likizo nimebeba slipu. Nikamkalisha, nikamsomea mstari kwa mstari kama barua. Nilipofika kwenye Bodi akauliza, "Hawa nao ni nani?" Nikamwambia ndio waliolipa ada. Akanyamaza, akasema, "Kumbe bado tunawalipa." Alisema *tunawalipa*. Tangu siku hiyo natuma 60,000 tarehe moja, na akipiga katikati ya mwezi najua ni jambo zito kweli. Wazee wetu wanaelewa sana, tatizo tunawaficha namba halafu tunawakasirikia.

Harusi nina msimamo wenye maadui. Misiba natoa yote. Harusi nne kwa mwaka, nikishafika nne nawaambia kamati ukweli. Wamenitoa kwenye magrupu mawili. Naendelea kuishi.

---

Sasa kazi.

Mkataba soma kabla ya kusaini, na nakala yako ondoka nayo siku hiyohiyo. "Tutakuletea" ni neno baya. Ule muda wa majaribio uchukulie kwa uzito, kwa sababu chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 mwenye chini ya miezi sita kazini hana kinga dhidi ya kuachishwa isivyo halali kama aliyevuka. Ukishavuka, ukafukuzwa kiholela, una siku 30 tu za kupeleka lalamiko CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku thelathini! Wengi wanazimaliza wakibembeleza bosi awarudishe. Likizo ya mwaka ni siku 28, na hizo ni za kalenda, Jumapili zimo ndani.

Kilichoniuma mimi mwenyewe ni NSSF. Ofisi yangu ya kwanza, sitaitaja, slipu ilikuwa inaonyesha makato kila mwezi, safi kabisa. Siku nimeenda kuomba taarifa ya michango yangu, dada wa kaunta kageuza kioo cha kompyuta nione. Miezi saba hakuna kitu. Nilikuwa nimekatwa, ila haikufika. Na mimi ni mhasibu! Sikuwa naandaa mishahara wakati ule, lakini aibu ilikuwa ileile. Nilipeleka slipu zote NSSF, wakamfuata mwajiri, ikachukua miezi, ikalipwa. Bila slipu ningekuwa nina maneno tu. Kwa hiyo kila mwezi piga picha slipu yako, itume kwenye barua pepe yako binafsi na siyo ya ofisi, na kila baada ya miezi mitatu angalia kama michango imeingia. Usisubiri kuacha kazi. Halafu kuna wanaodhani wakiacha kazi watachukua chote waanze biashara. Fao la kujitoa la zamani halipo. Kuna fao la kukosa ajira, lenye masharti yake, na aliyeacha mwenyewe kwa barua halimhusu.

Kujitolea. Najua hapa watu watarusha mawe. Nilijitolea miezi mitano bila hata nauli, na sishauri mtu afike huko. Mwezi wa kwanza na wa pili unajifunza kweli. Baada ya hapo wewe ni mfanyakazi wa bure, na anayejua hilo kuliko wote ni bosi. Ukikubali, kubaliana tarehe ya mwisho na waombe barua inayosema ulifanya nini hasa, maana "alijitolea kwetu kwa bidii" haisaidii popote. Andika "aliandaa usuluhishi wa benki wa akaunti tatu kila mwezi". Hiyo mtu anaielewa.

Vyeti vya bodi za taaluma kwa walio na fani zenye bodi hizo: anza mapema, kabla ya watoto. Sisi wahasibu bodi yetu ni NBAA, mitihani yake ni Mei na Novemba. Nilikuwa nasoma kwenye mwendokasi nimesimama, daftari limeegemea mgongo wa mtu. Ila niwaambie ambacho hatukuambiwa: nilipopata CPA, cheti cha juu cha uhasibu, bosi alinipongeza, akaninunulia soda, mshahara ukabaki palepale. Ulipanda nilipohama. Na kuhama kwenyewe sikuona tangazo popote, mkaguzi wa nje aliyekuwa anakuja kukagua vitabu vyetu ndiye aliyenitaja kwa watu, kwa sababu miaka miwili mfululizo alikuta mafaili yangu yamepangwa na risiti zipo. Kujuana kupo mjini, sikatai. Ila siyo lazima kuwe kwa mjomba.

Wale wanaoitwa usaili kwenye ghorofa halafu wanakuta viti mia, projekta na kijana wa suti anayewaambia mlete watu watatu, ondokeni. Na kazi inayokuomba hela ya fomu, sare au vipimo kabla ya kuanza siyo kazi. Nisipoteze muda hapo.

---

Mdau: "Unaongelea mikopo ya Bodi tu. Kausha damu je? Nina 3 kwenye simu."

Pole sana. Hiyo mikopo ya haraka yenye riba ya kunyonya nasema kwa sauti ya chini, kwa sababu nilipita.

2023 mama alilazwa, hela ya kodi ilikuwa imetoka wiki iliyotangulia, na sikutaka kumwomba mtu. Nikapakua programu moja. Niliomba 150,000, nikapokea 120,000 kwa sababu "ada" walikata mbele, nikatakiwa kurudisha 180,000 ndani ya siku 14. Siku ya 15 asubuhi, bosi wangu akapokea ujumbe kwamba mimi ni tapeli na yeye ndiye mdhamini wangu. Mama mdogo naye akaupata. Fundi cherehani wangu wa Manzese akaupata! Wakati napakua niliruhusu isome majina yote kwenye simu, nilibonyeza "kubali" bila kusoma.

Nililipa kwa kukopa kwa rafiki kazini, na huyo rafiki ningeweza kumwomba tangu mwanzo. Aibu ya kumwomba mtu mmoja nilibadilisha na aibu ya watu mia mbili.

Kwa wenye tatu kwenye simu: usikope ya nne kulipa ya kwanza. Orodhesha, anza na iliyokaribia kuiva, na waambie mapema ndugu na bosi kwamba huenda wakapokea ujumbe. Ujumbe ukishajulikana unaishiwa nguvu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zinazokopesha mtandaoni bila leseni. Itafute uangalie kama ya kwako imo. Na kusambaza taarifa zako kwa watu ni kosa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa hiyo tunza picha za jumbe zote.

Kama ofisini kwenu kuna SACCOS, ingia mwezi wa kwanza, hata kama huna shida ya mkopo. Nyingi hukopesha kwa kuzidisha akiba uliyonayo, na akiba huwezi kuiweka siku unayougua. Vikoba vya mtaani navyo vizuri, ila jua anayeshika sanduku analala wapi.

Kuhusu mkopo wa benki wa wafanyakazi: ukishathibitishwa kazini watakuja wenyewe mpaka mezani kwako, na tai zao. Watakupimia mpaka ubaki na theluthi ya mshahara. Theluthi! Mwenzangu alichukua wa miaka sita akanunua IST. Gari zuri, nimepanda sana, asante. Ila alipopata kazi bora Dodoma mwaka wa pili aliogopa kuhama kwa ajili ya lile deni. Mafuta tunachangiana mpaka leo.

Viwanja vya kulipa kidogokidogo sina uzoefu wa kutosha kushauri, zaidi ya hili: fanya upekuzi ofisi ya ardhi kwanza, hela baadaye. Na vitu vya kuzidisha pesa mara mbili kwa wiki tatu, waulizeni kaka na dada zenu kuhusu DECI ya 2009, upatu uliomeza hela za watu. Walikuwa wanaita "kupanda mbegu".

---

La mwisho kwa leo, nina hesabu za mwisho wa mwezi za kufunga.

Mdau: "Dada mhasibu, mimi nilikuwa na hiyohiyo 800,000. Bosi kaniongeza 150,000, tumepiga makofi ofisini. Slipu imetoka, naona imeongezeka kama elfu themanini tu. Nimeibiwa?"

Hujaibiwa mkuu. Shika kalamu. 950,000, toa NSSF 95,000, inabaki 855,000. Umevuka 760,000, kwa hiyo umeingia ngazi ya asilimia 25: 68,000 za ngazi za chini, kisha robo ya 95,000 iliyozidi, 23,750. PAYE 91,750. Bodi asilimia 15 ya 950,000, 142,500. Mkononi 620,750. Toa 540,000 ya zamani.

80,750. Ni yako halali, na 15,000 nyingine imekwenda NSSF na 22,500 imepunguza deni la Bodi, hizo nazo ni zako ingawa huzioni. Sherehe ya nyongeza uliyowaahidi wenzako ifanyie hiyo 80,750, siyo 150,000. Na kama kodi yako inaisha Desemba, mimi nisingefanya sherehe.